Mgeni wa Shaba

Ninahazwe alikuwa akichambua mboga za lengalenga jikoni kwake Minto, ughaibuni, binti yake Lyse akifanya kazi za shule mezani, simu ilipoita. Alikuwa Nkatha, jirani yake, nesi wa Kikenya asiyekuwa na muda wa salamu.

"Mama Lyse, umeskia? Ile sanamu ya shaba ya samurai pale park..."

"Si watu wa council waliichukua juzi kuisafisha?"

"Wamekana! Na kuna nyayo kwa nyasi. Zinakuja upande wenu."

Jani likamponyoka. Tangu juzi nyumba ilinuka shaba iliyoloa, na deki zote alizopiga hazikuiondoa harufu. Juzi hiyohiyo yeye na Lyse walikula mchana chini ya sanamu ile. Kwa vile iliwakodolea macho, yeye, kwa mazoea tu, aliiambia, "Karibu, bwana." Akamsimulia Nkatha hayo.

"Ulimkaribisha?" Nkatha akanong'ona. "Woi! Basi ni mgeni wako."

Ukumbini kitu kizito kikatua. Gu.

"Anavua viatu," Lyse akasema kwa Kiingereza chake, bila kuinua kichwa. "Hukaa mlangoni kwangu. Anasema mgeni haondoki mikono mitupu."

Ninahazwe hakulia, kulia kungemsaidia nini? Alimvuta mtoto nyuma yake, akachukua jembe lililoegemea mlango wa uani, akalisukuma ukumbini huku kitu kile kikipumua gizani polepole kama mvuke wa sufuria, akasema kwa sauti iliyokatikakatika, "Mgeni siku mbili, bwana. Ya tatu mpe jembe. Chukua, uende zako."

Jembe likaburutwa. Mlango wa uani ukafunguka, ukajifunga.

Jioni Aloys, mumewe, alirudi kutoka kazini akicheka. "Mama Lyse, nani amekulimia bustani yote? Mitaro imenyooka kama imepigwa rula!"

Harufu ilikuwa imetoka. Ninahazwe akapakua ugali, maharagwe na lengalenga, akawahesabu kwa macho: Aloys, Lyse, yeye mwenyewe. Wote wapo. Akashusha pumzi.

Lyse akasogeza sahani yake pembeni.

"Unampisha nani?" Ninahazwe akauliza.

"Amemaliza kunawa. Anasema aliyelima si mgeni tena."

Kiti cha nne kikavutwa, kikalia kwa uzito. Ninahazwe akainuka, akaleta sahani nyingine.