Zawadi ya Mleta Bishara

Saa moja na dakika kumi asubuhi, mikono ya Bekzhigit Omirzak ilikuwa bado ndani ya glavu. Magoti yalikuwa yamelegea. Glavu ndefu za kisanduku cha kioo ndizo zilizouning'iniza mwili wake. Hapakuwa na damu wala jeraha.

Inspekta Raushan Sarsembina alisimama mlangoni. Kipima hewa chake kilisoma oksijeni asilimia nne, badala ya ishirini na moja. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Usiingie, afande," alisema Gauhar, fundi wa maabara. "Humo mna gesi ya argoni. Hainuki, haikabi koo. Unavuta pumzi mbili, umekwenda."

Ilikuwa maabara ya betri za sodiamu, jijini Almaty. Marehemu alitengeneza anodi, upande hasi wa betri, kwa oksidi ya chuma. Sodiamu huharibika hewani, kwa hiyo kazi hufanyiwa ndani ya kisanduku kilichojaa argoni.

Wazimamoto walipokwisha kupuliza hewa, Raushan akaingia. King'ora cha oksijeni kilikuwa kimetolewa betri. Nje, koridoni, bomba la kuingiza gesi chumbani lilikuwa wazi kabisa.

"Nani hushika mitungi?"

"Mimi." Sajini alikuwa amekwisha kumtia Gauhar pingu. "Mtanifunga, si ndiyo? Afande, nina mtoto wa miaka miwili!"

"Jana ulitoka saa ngapi?"

"Saa kumi. Nilimwacha mzima, ananitania eti mitungi inanipenda kuliko wanaume."

Mfukoni mwa maiti mlikuwa na saa ya mkononi. Hakuna anayevaa saa akitia mkono katika glavu zile. Mkunjo wa mkanda ulionyesha mkono mnene. Bekzhigit alikuwa mwembamba kama ufito.

"Unaijua?"

Gauhar akaitazama. "Ya Daktari Ardak. Mkuu wetu."

Daktari Ardak Zhumabay alikuwa ofisini, akinywa chai ya maziwa.

"Mlionana lini na marehemu?"

"Ijumaa iliyopita. Huyo Gauhar ni mzembe, dada yangu. Mfungeni kabla hajatumaliza sote."

"Saa yako iko wapi?"

"Imepotea. Kijana alikuwa na mkono mrefu, Mungu amrehemu."

Raushan akaweka mezani simu aliyoletewa na mama wa marehemu. Ujumbe wa jana, saa kumi na moja na dakika ishirini: *Mama, nimempelekea mkuu bishara, habari njema, nikamdai zawadi yangu ya desturi. Kavua saa akanipa!*

Ardak alisoma mara mbili. Chai ikamwagika kisahanini.

"Bishara gani, Daktari?"

"Anodi yake ilimaliza mizunguko mia tano ya kuchajiwa. Kweli kabisa. Yangu, ile iliyonipa cheo, ilivimba ikapasuka baada ya hamsini. Nilinakili mchoro wa hiyo hamsini mara kumi, ionekane mia tano. Akauona. Akasema, 'Mwalimu, hapa pana kosa dogo, tusahihishe kabla ya kuchapisha.' Alidhani nitafurahi."

"Ukafanyaje?"

"Nikampa saa. Nikatangulia kutoa betri ya king'ora, kisha nikamtuma akakate sodiamu. Nikafungua bomba."

"Alipiga kelele?"

"Hapana. Nilimtazama kupitia kioo cha mlango. Aliniona, akatabasamu, akaendelea na kazi."

"Mbona hukuichukua saa?"

"Ningeingiaje? Hamkuwa na hewa."

"Na Gauhar?"

"Mitungi ni yake. Mngemfunga yeye."

Saa tano na dakika saba Ardak Zhumabay alitia sahihi maelezo yake mbele ya wakili. Saa tano na robo Gauhar alifunguliwa pingu.