Chetezo Cheusi cha Oaxaca

Moshi wa ubani una tabia zake, na Nasriya alizijua tangu utotoni. Hupanda, hujikunja, ukikutana na upepo wa kiyoyozi hutawanyika na kuishia kwenye mapazia. Moshi wa magharibi ile haukupanda. Ulimwagika mdomoni mwa chetezo, ukatambaa juu ya zulia kuelekea kule kule upepo ulikokuwa ukitoka, ukapita chini ya meza ya kahawa, ukafika kwenye kiti cha marehemu mumewe, ukapanda hapo na kutulia. Mtu mwenye akili timamu angekimwagia maji kile chetezo na kukitupa nje ya geti. Nasriya alivuta mto akaketi sakafuni mbele ya kiti, uso umemkunjuka kwa mara ya kwanza tangu afiwe, kwa sababu hicho ndicho alichokuwa akikitafuta.

Tusiwe wepesi wa kumlaumu. Maan alikuwa mume wa kuliliwa. Alikuwa mzaliwa wa Unguja, akaletwa Maskati angali mtoto. Kazi yake ilikuwa wizarani na starehe yake miji ya kale. Alikuwa akikaa kwenye kiti hicho hicho, nyumbani kwao mtaa wa Ansab, akitazama kwenye televisheni miji ya Meksiko iliyojengwa na Wahispania, mitaa ya mawe na karakana ambamo baba humwachia mwana ufundi, akasema huo ni Mji Mkongwe uliopotea njia. Wakajiandikisha kwenda kuiona pamoja. Kabla ya siku ya safari moyo ukamsimama nje ya benki moja ya Ruwi, mchana kweupe, na Nasriya akakaa eda badala ya kukaa kwenye ndege. Alipotoka eda, Wijdan, binti yao wa pekee, alimshikilia aende. Alisema baba angependa walau mmoja wao aione miji hiyo.

Akaenda na kundi la wanawake wa Maskati, wakitembezwa na mwenyeji mmoja aitwaye Ofelia, mwanamke mwenye kofia pana na subira nyingi. Guanajuato waliona nyumba za rangi zilizopandana mlimani, na barabara zinazopita chini ya ardhi palipokuwa na mto zamani. Wenzake walipiga picha. Yeye alilia, kwa sababu Maan angeuliza ni nani aliyezichimba, na angeendelea kuuliza mpaka chakula cha usiku. Puebla walikaa kwa mafundi wa vigae, wakamtazama mzee mmoja akichora maua ya buluu bila mkono kutikisika. Hakununua kitu. Raha ya kununua ilikuwa ya watu wawili.

Oaxaca ndiko alikopotea. Baada ya kuona kanisa lililopakwa dhahabu mpaka darini, walipelekwa kijiji cha wafinyanzi nje ya mji, kwenye karakana ya mzee Eusebio, ambaye vyungu vyake hutoka motoni vyeusi na kung'aa. Kwenye rafu ya juu kabisa kulikuwa na chetezo kimefudikizwa, ndani kimejaa masizi. Wanawake wa Maskati, ambao nyumba zao hazikosi chetezo, walikiulizia wote kwa pamoja. Ofelia akawatafsiria: huku watu huchoma ubani wao mara moja kwa mwaka, moshi ukawaonyesha waliokufa njia ya nyumbani, wakaja wakakirimiwa, wakaagwa, wakenda zao. Lakini hicho hakiuzwi. Mama yake Eusebio alifiwa na mwana, akawa anamwita kwa chetezo hicho kila siku, na aliyekuja mwishowe hakuwa mwanawe.

Wanawake walisema audhubillahi, wakatoka kwenda kuangalia mabakuli. Nasriya alibaki nyuma. Katika habari yote ile sikio lake lilikamata jambo moja tu, kwamba moshi huwarudisha. Na mwanamke ambaye maishani mwake hakuwahi kuondoka hata na kalamu ya mtu alikiteremsha chetezo, akakitia chini ya abaya lake, akapanda basi.

Sasa, kwa wafinyanzi wale ubani ule ni wa mara moja kwa mwaka. Ansab ubani ni wa kila siku. Magharibi ikiingia hufukizwa vyumba, hufukizwa nguo, hufukizwa nywele, na nyumba isiyonukia watu huulizana kuna nini. Kwa hiyo Nasriya alikitia makaa kile chetezo kila jioni kama angekitia kingine chochote, na hakuona ubaya. Tofauti ilikuwa moja: alipotupia ubani alinong'ona jina la mumewe, na jambo hilo hakumwambia mtu.

Akaja. Kwanza kilisikika kikohozi kifupi, kisha ikaja harufu ya sabuni yake, kisha kiti kikalia kwa uzito wa mtu anayejiweka vizuri. Nasriya akaanza kumimina kahawa vikombe viwili. Wijdan alimkuta mama yake akizungumza na kiti kitupu, akamwacha kwa huruma, ingawa harufu aliyoisikia yeye haikuwa ya sabuni hata kidogo. Ilikuwa ya udongo mbichi uliochimbwa sasa hivi. Alivumilia alivyoweza, mpaka alasiri moja akafungua madirisha yote na kukisukuma kiti hadi barazani.

Nasriya alikuwa jikoni aliposikia kofi. Alipofika sebuleni binti yake alikuwa ameinamishwa, nywele zake zimekamatwa na mkono usioonekana, uso wake ukigongwa kwenye ukingo wa meza ya marumaru, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, bila haraka, mpaka meno ya mbele yakavunjika na damu ikatapakaa kwenye zulia. Kisha akaachiwa, akaanguka. Kiti kilikuwa kimesharudi mahali pake.

Hospitali waliambiwa kwamba binti aliteleza. Bader, mdogo wake marehemu, alipokuja kumjulia hali mwana wa kaka yake aliingia sebuleni, nywele zikamsimama, akatoa shauri ambalo jamaa yeyote angelitoa: nyumba imeingiliwa, wazidishe ubani. Jirani akaleta ubani wa Dhofar, ule mweupe wa kuchagua. Shangazi akaleta mvuje. Kila kilicholetwa kufukuza kilitiwa kwenye chetezo kile kile kilichokuwa mezani, na kile kitu kikashiba na kunenepa kwa dawa zao.

Nasriya alijitia hamnazo. Alijiambia Maan amekasirika kwa sababu ya kiti. Angeweza kuacha kufukiza, lakini akiacha na kikohozi kingekoma, na hilo moyo wake haukuliweza. Basi ikawa saa za kupumzika adhuhuri, mapazia yamefungwa kwa ajili ya jua na mtaa mzima umelala, husikika nyayo za mtu mzito kwenye ukumbi, zikipita mlango wa Nasriya bila kusimama, zikienda chumbani kwa Wijdan. Na siku Bader alipoamua kulala mlangoni pa chumba hicho ili amlinde, aliinuliwa pamoja na godoro lake akatupwa ngazini, akavunjika mbavu, na huku amelala pale chini hana pumzi ya kuita mtu alimsikia binti akiburutwa chini ya kitanda, akitolewa, akiburutwa tena, kucha zake zikikwaruza marumaru, na mama yake akigonga mlango uliofungwa kwa ndani huku akilitaja jina la mumewe na kumwomba basi, basi, imetosha.

Maalim Aflah aliletwa kutoka Qantab. Alikuwa mtu mfupi, mcheshi, anayejulikana kwa kuwatania majini anaowasomea. Siku ile hakutania. Alimlaza Wijdan kwenye godoro katikati ya sebule, akaagiza makaa, na Nasriya akamletea chetezo kile kile. Maalim akakitazama ndani, akauliza kimetoka wapi. Nasriya akajibu kwamba ni cha siku nyingi. Bader, kifua kimefungwa bendeji, alikuwa amekaa ameegemea ukuta.

Kisomo hakikuwa kimefika mbali. Kinywa cha Wijdan kikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Maan, ile ile ya kuombea chumvi mezani.

"Nani wewe?" Maalim akauliza.

"Mgeni. Nimeitwa."

"Kakuita nani?"

"Yumo humu humu. Aseme mwenyewe."

Maalim akawatazama wawili wale. Bader akatikisa kichwa. Nasriya akainamisha macho. Aseme, mbele ya shemeji yake na mbele ya maalim, kwamba yeye, hajati, mwenye kuendewa na wanawake wenzake wakitaka nasaha, aliiba kitu cha mtu na kumwita maiti kwa moshi? Aliona bora ardhi ipasuke. Akanyamaza. Kidole kidogo cha Wijdan kikainuka chenyewe, kikarudi nyuma taratibu, kikaenda mpaka mahali kidole kisipofika, kikavunjika, na wote wakakisikia.

"Kakuita nani?" Maalim akauliza tena.

Nasriya akanyamaza tena, na kwa hilo tumlaumu. Cha pili kikavunjika. Alipokuwa bado anatafuta namna ya kulisema jambo lile lisionekane kama lilivyo, kikavunjika cha tatu, na katika uso ule uliokuwa ukisema kwa sauti ya mwingine macho yalikuwa ya Wijdan mwenyewe, yamejaa machozi, yamemkazia mama yake. Alikuwa anajua. Alikuwa anajua siku zote, na alikuwa akingoja mama yake amchague.

"Mimi," Nasriya akasema. "Mimi nlomwita. Hichi chetezo nlikiiba Meksiko, nkamwita baba yake kila magharibi. Nlimtaka mume wangu."

Bader akafunika uso. Maalim akasema kwa upole, "Bi Nasriya, huyu si mumeo."

"Nnajua," akajibu, na kweli hakuwa akijua mpaka alipolitamka.

Kile kitu kikacheka kwa kicheko cha Maan. Kikasema kimechoka kukaa kwenye mbao, kinataka mwili, na huu wa msichana kimeupenda. Maalim akajibu kwamba hafanyi biashara na majini, akapandisha sauti ya kisomo, na kadiri alivyopandisha ndivyo shingo ya Wijdan ilivyoanza kugeuka, kidogo kidogo, kidevu kikivuka bega na kuendelea kwenda nyuma, ngozi ya koo imekazana mpaka mishipa ikahesabika, miguu yake ikipiga godoro, na Bader akajaribu kuishika shingo ile kwa mikono yote miwili asiweze kuirudisha hata kidogo, wala Maalim asiweze kuacha kusoma kwa kuogopa kwamba akiacha itakwenda yote kwa mara moja.

Nasriya alikichukua chetezo kwa viganja vitupu. Kilikuwa cha moto kiasi cha ngozi kunata. Akakileta usoni, moshi wote ukamwingia puani.

"Mwache mtoto," akasema. "Njoo kwa aliyekuita."

Maalim akamkataza kwa sauti kali, lakini alikuwa ameshavuta pumzi. Chetezo kikapasuka mikononi mwake, makaa yakamwagika mapajani na kutoboa nguo. Wijdan akapiga ukelele, safari hii kwa sauti yake mwenyewe, na shingo ikarudi. Hilo Nasriya aliliona. Kisha kitu kikaketi kifuani mwake, kizito, kikajisogeza, kikapanuka mpaka mbavu zikauma. Kwa pumzi iliyobaki akaita, maana moyo wa mtu haukomi hata baada ya yote hayo, "Maan?"

Ndani ya kichwa chake sauti ikauliza, kwa udadisi wa kweli, "Maan ni nani?"

Nasriya alisomewa Ansab, akapelekwa kusomewa Qantab, akanyweshwa makombe ya aya, na hakikutoka. Maalim alisema kitu kilichokaribishwa kwa ridhaa hakina haraka. Siku mikono yake ilipomkaba Bader koo alipokuwa akimletea maji, Nasriya mwenyewe, baada ya kutenganishwa naye, aliomba nyumba ihamwe, aachwe peke yake, na Wijdan akaishi kwa ami yake. Walikubali kwa machozi. Chakula huletwa getini na aletaye huondoka.

Wijdan huja Ijumaa baada ya swala. Amewekewa meno mapya, na vidole vimeunga vibaya kidogo. Huweka chungu chini, huzungumza na geti la chuma, hungoja, hurudi. Ijumaa moja hakuweka chungu chini.

"Mama, nifungulie leo," alisema. "Nimeposwa. Ntakuja kukwambia hapa nje kama mgeni? Nifungulie nikukumbatie tu, kisha nnakwenda."

Nasriya alikuwa amesimama upande wa pili, karibu kiasi cha kusikia pumzi za mwanawe. Kinywa chake kikafunguka bila yeye kukiambia. Sauti iliyokuwa tayari kutoka ilikuwa yake mwenyewe, ile tamu aliyokuwa akimwamshia shule. "Ingia, mwanangu," ilikuwa inaanza kusema, na mkono ulikuwa umeshalifikia komeo. Katika mwili mzima ni shingo tu iliyokuwa bado inamtii. Akalipiga geti kwa paji la uso. Akalipiga tena, kwa nguvu zote, na tena, mpaka ulimi ukaingia katikati ya meno, na hapo akauma, akauma kama mtu anayekata kamba, mpaka maneno yakawa mkoromo na mkono ukaanguka.

Nje chungu kikawekwa chini. Kisha Wijdan akasema polepole, "Bora useme tu kama hunitaki, kuliko kunipigia geti," na nyayo zake zikaondoka. Mlango wa gari ukafungwa. Nasriya aliteremka na geti mpaka chini, akaisikiliza gari ikienda hadi isisikike tena, na kwa kinywa kilichojaa damu akamshukuru Mungu kwamba mwanawe amekwenda akidhani hapendwi.