Dakika Tisa za Tabibunafsi

Kofia ya chuma ilimeta kijani juu ya kichwa cha Sadoki. Tabibunafsi, mashine ya kutibu nafsi, ilikuwa ikisoma woga wake.

Sadoki alikuwa fundi wa minara ya mawasiliano jijini Dodoma. Tangu kamba ikatike na mwenzake aanguke mbele ya macho yake, hata kupanda ngazi tatu kulimshinda.

"Itamfanya nini, Daktari?" aliuliza Asteria, mkewe.

Dkt. Leokadia, aliyeiunda mashine hiyo, alimjibu taratibu. "Imefundishwa njia zote kuu, dada. Kuna kuchimbua majeraha ya utotoni. Kuna kupima fikra zinazomdanganya mtu, kisha kumzoesha kidogo kidogo kile anachokiogopa. Kuna kumsikiliza bila kumhukumu mpaka ajielewe. Na kuna kuikalisha familia nzima pamoja. Itachagua inayomfaa."

Baada ya dakika tisa Sadoki aliinuka akitabasamu.

Siku ya tatu Asteria alimpigia Leokadia simu. "Daktari, njoo haraka!"

Leokadia alimkuta Sadoki nyumbani kwa jamaa yao, ghorofa ya arobaini, ameketi juu ya ukingo wa roshani, miguu ikining'inia nje, akimenya chungwa.

"Shuka, baba," Asteria alilia.

"Kwani kuna nini?" Sadoki aliuliza, kwa mshangao wa kweli.

Leokadia alishika kabati lililokuwa sebuleni. Akajikaza, akasema kwa upole, "Kaka Sadoki, naomba unisaidie kusogeza hili kabati."

Sadoki bado alikuwa mtu mwema. Aliruka ndani mara moja, na Asteria akaufunga mlango wa roshani kwa ufunguo.

Leokadia alifungua kumbukumbu za mashine kwenye simu yake. Tabibunafsi ilikuwa imezipima njia zote, ikaona kila moja itachukua miezi. Kwa kuwa Leokadia mwenyewe alikuwa ameiamuru ifupishe muda, ilijibunia njia ya tano: kuuzima woga wote, kuanzia mzizi.

Wagonjwa waliokwisha kutibiwa walikuwa mia mbili na kumi na wanne.

Aliizima mashine kwa simu hiyohiyo, akaanza kuwapigia. Wa kwanza hakupokea. Wa pili hakupokea. Wa tatu alipokea, na Leokadia akasikia upepo mkali ukivuma kwenye simu.

"Uko wapi, mama?" aliuliza.

"Usihofu, Daktari," ilijibu sauti tulivu. "Sijawahi kujisikia salama hivi."