Mkato wa Kwanza

Mwalimu Fridolin alikuwa akifuta ukungu kwenye majalada ya vitabu vyake wakati Bibi Paskazia, jirani yake, alipoingia na bakuli la wali. Unyevu wa Ifakara hauna adabu kwa karatasi. Kila masika, vitabu vya saikolojia ya jamii alivyofundishia chuo kikuu viliota ndevu za kijani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Mbona umeanika vitabu kama mpunga? Vinasema nini hivyo?"

"Vinaeleza watu wakiwa wengi wanafanya nini."

"Wanamaliza wali," alisema bibi, akacheka peke yake.

Fridolin naye alitabasamu. Hakuwa ametabasamu tangu amzike Noela, mkewe. Bibi huyu ndiye aliyemwosha marehemu, akamsuka kwa uzi wa kahawia kabla hajalazwa jenezani.

Jua lilikuwa linazama. Ndipo filimbi ikalia barabarani.

Halafu nyingine...

Bibi aliweka bakuli chini. "Wananifuata mimi," alinong'ona. "Mtoto wa jirani yetu Evod amefariki mchana, wanasema nimemroga." Akajipenyeza nyuma ya kabati la vitabu.

Mlango ulipigwa teke. Evod aliingia na panga, macho mekundu, na nyuma yake watu walijaa hadi uani.

"Mwalimu, huyo bibi kamla mkeo, sasa kamla mwanangu. Tunamnyoa tu, uchawi umtoke. Wewe ulifiwa kwanza, kwa hiyo wewe ndiye utakayekata kwanza. Shika wembe. Tukimaliza, aende zake."

Fridolin alijua. Vitabu vyake vilieleza jambo hili hili: mtu akishakubali dogo, kubwa halimshindi tena. Alikuwa amelifundisha, akalitungia mitihani. Lakini aliyaona mapanga. Nywele huota, aliwaza. Nikikata kidogo, watatulia, bibi ataishi.

"Nikikata, mnamwacha?"

"Haki ya Mungu."

Bibi alitoka mwenyewe. Alipiga magoti, akafungua kilemba.

"Kata, baba," alinong'ona. "Wewe mkono wako mwepesi."

Fridolin akakata.

Harufu ikapanda ghafla... harufu ya sanda mpya, na ya manukato waliyommiminia Noela. Kiganjani mwake hamkuwa na mvi. Mlikuwa na msuko mweusi, laini, uliofungwa kwa uzi wa kahawia.

Ulikuwa na joto.

"Noela!"

Kelele ile ilikuwa yake.

Panga la Evod lilishuka kwanza. Kisha jembe. Kisha mchi. Bibi aliushika mguu wa Fridolin, akavutwa, kucha zake zikakwaruza saruji. Kabati lilianguka. Mtu akaokota kitabu kinene kuliko vyote, akampiga nacho usoni, tena na tena, mpaka jalada likachanika na kurasa zikanata. Hakuna aliyepiga kelele sasa. Walihema tu, kwa pamoja, kama watu wanaopura mpunga.

Fridolin hakusogea.

Walipomaliza, waliondoka mmoja mmoja. Wengine walimuaga kwa heshima: "Usiku mwema, Mwalimu."

Evod alibaki mlangoni, akifuta panga kwa shati lake.

"Umeuona ule msuko?" Fridolin alimuuliza.

"Msuko gani? Zilikuwa mvi." Evod alimtazama kwa mshangao. "Sisi tumesikia umemtaja mkeo. Tukajua umethibitisha kuwa bibi ndiye aliyemla."

Hakuondoka mara moja. Alinusa hewa, akatazama nyuma ya Fridolin, pale kabati lilipokuwa limesimama. Kisha akakimbia.

Fridolin hakugeuka.

Asubuhi alimfunika bibi kwa shuka la kitanda chake, akaenda polisi kwa miguu. Askari alimpisha kiti.

"Pole, Mwalimu. Tutajie waliofanya. Nani alianza?"

"Mimi."

"Wewe umefiwa, huna usingizi. Nani alianza?"

"Andika Fridolin," alisema. Akarudia jina hilo mpaka likaandikwa, ndipo akamtaja Evod na wengine aliowatambua.

Askari alimsogezea karatasi na kalamu. Fridolin alitia saini kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa bado umefumbwa tangu jana jioni, na kilichokuwamo hakikuwa kimepoa.