Mlima wa Nsia Umegeuka

Nsia ana miaka sita. Anakaa Marangu, juu kabisa, karibu na msitu. Huku kwetu asubuhi ukipumua, moshi unatoka mdomoni.

Mimi ni mama yake. Hadithi hii nitaisimulia mimi, kwa sababu viazi vilikuwa vyangu.

Nyuma ya nyumba yetu kuna mlima. Kilele cha kushoto ni Kibo. Ni kikubwa, kina theluji kichwani. Kilele cha kulia ni Mawenzi. Ni kifupi, kina meno meno.

Nsia ana dada mkubwa anayeitwa Ndeshi. Ndeshi ni nesi, na kazi yake iko Mtwara, mbali kweli kweli. Krismasi watu wa kwetu hurudi nyumbani. Mwaka huu Ndeshi harudi. Anabaki na wagonjwa.

Ndeshi alipiga simu. "Huku ni joto, Nsia. Nitumie kadi. Niwekee mlima wetu na theluji yake, niuone siku ya Krismasi."

"Nitakuwekea, dada," Nsia akasema.

Basi. Baba akaleta boksi. Akatia ndizi, akatia maparachichi. "Jua likizama nafunga kamba," akasema. "Boksi linaondoka na basi la alfajiri."

Nsia akachukua karatasi ngumu, akazikunja zikawa kadi. Akachukua wino wa bluu wa baba yake. Baba ni mwenyekiti wa kitongoji, na wino ule ni wa mhuri. Siku ile hakuna aliyepigiwa mhuri.

Akachukua na kipande cha sponji. Sponji imetoka wapi? Sikuuliza. Ningeuliza, ningeliona godoro mapema.

Pwa, pwa, pwa. Juu ya kadi, anga la bluu nzito.

Pwa, pwa. Chini, bluu nyepesi, nyepesi, mpaka ikaisha. Lilikuwa anga zuri, sikatai.

Sasa mlima. Nsia akaja jikoni. Nilikuwa na viazi vitano tu.

"Viazi ni vya chakula, Nsia."

"Kimoja tu, mama."

Nikamkatia kimoja. Akachonga mlima kwenye kiazi kwa kijiko. Kibo kushoto, Mawenzi kulia. Akapaka wino.

Ta. Kiazi kikapiga kadi.

Halafu theluji. Akanyunyiza unga wa ngano juu ya Kibo, wino ukiwa bado mbichi. Fuu, akapuliza. Unga uliobaki ukanijia usoni. Na unga pia ulikuwa wangu.

Nsia akaangalia kadi. Akaangalia tena.

"Mama, mlima umegeuka."

Kweli. Kibo kilikuwa kulia. Mawenzi kilikuwa kushoto.

"Nimechonga vibaya," Nsia akasema. Akarudi kwenye viazi.

"Viazi ni vya chakula, Nsia."

"Kimoja tu, mama."

Safari hii alichonga polepole, ulimi nje. Kibo kushoto, Mawenzi kulia. Pwa, pwa, pwa. Ta. Fuu.

Mlima umegeuka.

Nsia akaigeuza kadi, atazame nyuma. Nyuma hakuna kitu.

"Viazi ni vya chakula, Nsia."

"Kimoja tu, mama."

Akachonga. Akakigeuza kiazi, chini juu, juu chini. Ta.

"Mama, Kibo kimerudi kushoto."

"Ndiyo," nikasema. "Lakini kinaning'inia."

Mlima wote ulikuwa umesimama kwa kichwa. Theluji ilikuwa chini, miguu ilikuwa juu.

Najua sasa kuna mtu atasema, mngechonga kwa kugeuza. Asante. Mbona siku ile hukuwepo?

Nikamwambia, "Mpelekee hivyo hivyo. Mlima ni mlima."

"Siyo wa kwetu, mama. Huu ni wa watu wa upande wa pili. Wao ndio wanauona hivi."

Akachukua kiazi cha nne, na mimi nikamkatia. Sijui kwa nini nilimkatia.

Akachonga. Akapaka wino. Jua lilikuwa linashuka. Baba alisimama mlangoni na kamba mkononi. Mezani ilibaki kadi moja tu safi, yenye anga lake, pwa, pwa, pwa.

"Basi," nikasema. "Nimechoka. Lete hicho kiazi."

Nikakinyakua. Nikakibana kiganjani kwa nguvu. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu ya viazi. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu ya unga. Na nilikuwa nimekasirika kwa sababu Ndeshi harudi, lakini hilo sikulisema.

Nikaweka kiazi chini, nikainama kukusanya karatasi zake zote. Nikaegemea meza.

Ta.

Kiganja changu kilitua juu ya kadi safi. Kadi ya mwisho.

Nsia akaanza kulia. "Mama, umeiharibu."

Nikatoa mkono. Niliona aibu hata kumwangalia mtoto.

Baba akasogea. Akainama. "Hebu tazameni," akasema.

Kwenye kadi kulikuwa na mlima. Kushoto Kibo, kikubwa. Kulia Mawenzi, kifupi, kina meno meno. Kiazi kiliugeuza mlima kiganjani kwangu, na kiganja changu kikaurudisha.

Na ndani ya mlima kulikuwa na mistari midogo midogo ya mkono wangu, kama vijito vinavyoteremka.

"Wa kwetu," Nsia akasema, machozi bado mashavuni.

"Haraka, wino usikauke," nikasema. "Lete unga."

Nyunyi, nyunyi. Fuu.

Theluji ikashika. Baba akaiweka kadi katikati ya ndizi, akafunga kamba. Jioni ile tulikula ugali, maana kiazi kilibaki kimoja.

Krismasi ikafika. Jioni simu ikalia.

"Mama, mlima nimeuona," Ndeshi akasema. "Kibo kushoto, Mawenzi kulia. Lakini una mistari. Hii mistari ni nini?"

Nsia akadakia, mdomo karibu na simu. "Ni mkono wa mama, dada. Alikuwa amekasirika."

Ndeshi akasema, "Nimeweka mkono wangu juu yake. Tumeshikana, mama."

Nikalia, nikacheka, nikalia tena. Hasira yote iliisha.

Sasa ni saa ya kulala. Nsia yuko kitandani. Godoro lina shimo, na mguu wake uko ndani ya shimo.

"Mama, Pasaka nimtumie dada kuku na vifaranga?"

"Lala, Nsia."

"Kiazi kimoja tu, mama."

Nikamfunika blanketi mpaka kidevuni. Nikazima taa.

"Haya," nikasema. "Kimoja."