Nilimwogesha Baba Mkwe

"Robi, weka hilo beseni chini."

Magige alisimama wodini mbele ya pazia la kitanda cha baba yake, mikono ameitanua kama anazuia ng'ombe. Mwaka ule wa 1975 nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi Musoma, na yeye alikuwa mchumba wangu. Ng'ombe za mahari zilishatoka kwao Butiama, zikafika kwetu Bunda. Harusi ilikuwa mlangoni.

Baba yake, Mzee Burito, alikuwa ameanguka kutoka juu ya lori la pamba akavunjika paja.

"Nikiweka chini, nani atamwogesha?"

"Si yupo Eliasi, yule muuguzi wa kiume?"

"Eliasi ametoka na gari la wagonjwa. Mzee amelalia uchafu toka asubuhi."

"Wewe ni mkwe, Robi. Kwetu mkwe haonagi uchi wa baba mkwe. Ukimfunua tu, huolewi tena pale nyumbani."

"Basi shika kitambaa wewe."

"Mimi mwanawe? Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Sista Dafroza, mkuu wa wodi, alikuwa anahangaika na mgonjwa anayetokwa na damu. Akasema bila kugeuka:

"Mgongo wake umeanza kuwa mwekundu, Robi. Asipohudumiwa sasa hivi, kesho ni kidonda."

Darasani alitufundisha kwamba kidonda cha kulalia si ugonjwa, ni aibu ya muuguzi. Wazee wengi walikufa kwa vidonda vile, mfupa ukiwa umeshaunga.

"Magige, unanipenda?"

"Ndiyo maana nakuomba."

"Na mimi nakupenda. Toka kwenye pazia."

Nilianza na uso, kisha mikono, kisha kifua, nikifunika kila nilipomaliza. Nikabadilisha maji. Nilipofika kiunoni mzee alifumbua macho.

"Ni wewe, Robi?"

"Ni mimi, baba."

Aligeuzia uso ukutani akalia. Nami nililia, lakini mikono haikusimama. Nikamkausha, nikampaka spiriti na poda mgongoni, nikamtandikia shuka safi.

Habari ilifika Butiama kabla jua halijazama, na wazee wa ukoo wakavunja uchumba. Nikabaki na tumaini moja tu. Mzee Burito ndiye mwenye mji, mkubwa wa boma lote, na neno lake halirudishwi. Nikamsubiri apone.

Siku ya kuruhusiwa alituita wote wawili.

"Wazee wanataka ng'ombe zirudi," alisema. "Nimekataa."

Magige alinitazama akatabasamu. Nami nikatabasamu.

"Mkwe hawezi kunifunua. Lakini aliyeniosha kama mtoto mchanga, huyo ni damu yangu. Zile ng'ombe ni zawadi ya baba kwa binti yake."

"Baba," Magige aliuliza polepole, "una maana gani?"

"Kuanzia leo, Robi ni dada yako."

Akanitemea mate ya baraka kiganjani. Alikuwa na furaha, na hiyo ndiyo iliyoniua kabisa. Ningeanzaje kumkatalia?

"Asante, baba," nikasema.

Kwenye korido Magige alinishika mkono.

"Tuvuke ziwa twende Ukerewe. Hakuna anayetujua kule."

"Nenda ukamwambie mzee amekosea kuniita mwanawe."

Akaachia mkono wangu.

Baada ya mavuno alimwoa Skolastika wa Kiriba. Mzee akaagiza kwamba harusi haianzi mpaka dada wa bwana harusi afike. Nilikwenda. Nikampokea bibi harusi mlangoni, nikamshika mkono, nikamwita wifi.