Damu ya Kufuli

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Meneja alikagua nyumba. Hakuna aliyemtuma. Alipita sebuleni mikono nyuma, akavitazama vikombe ambavyo hakuviosha yeye, akaitikisia kichwa sakafu ambayo hakuipiga deki yeye, kisha akatoka uani kuwaambia vibarua wa baba yake kwamba wamechelewa. Shuleni alikuwa na jina lake, lakini hili walimpa vibarua kwa kumdhihaki. Yeye, badala ya kuona haya, alilipokea kama cheo. Alikuwa msichana wa darasa la sita.

Baba yake alikuwa fundi wa milango na madirisha ya chuma. Karakana ilikuwa uani, na mlinzi wake alikuwa mbwa wa rangi ya vumbi, sikio moja limesimama na jingine limelala, aliyeitwa Kufuli. Meneja alimdharau waziwazi. Alimwona mchafu, mjinga na mwenye harufu. "Hata kubweka hajui," alizoea kusema, "anakohoa tu." Kufuli kwa upande wake alimpenda Meneja kuliko watu wote wa nyumba ile, jambo linaloonyesha kwamba mbwa nao hawajui kuchagua watu.

Palikuwa pia na mjomba, mdogo wake mama. Alikuja kukaa wiki mbili wakati akitafuta kazi, na sasa mwaka ulikuwa umepita. Kazi hakuipata, lakini maoni alikuwa nayo tele, na hakuwa mchoyo wa kuyagawa.

Siku moja mbwa wazururaji waliingia karakanani kupitia pengo la ukuta. Kufuli aliwatimua wote, ila mmoja alimwachia alama ya meno ubavuni. Kidonda kilikuwa kidogo, kikafunga upesi, na watu wakakisahau. Baada ya siku chache Kufuli alikataa chakula. Alijilaza nyuma ya mitungi ya gesi, akihema, mwili unachoma ukiugusa.

Mjomba alichuchumaa, akamgusa pua kwa kidole kimoja, akasimama kama profesa. "Pua mbichi. Mbwa mwenye pua mbichi ni mzima. Huyu anadeka tu."

Baba alimpakia Kufuli kwenye toroli la kubebea vyuma, akamwita Meneja aje amshike asianguke, wakaenda kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na ulimi usio na kifuniko. Aliwapenda wanyama, watu aliwavumilia. Alimpapasa Kufuli kimyakimya, akamnyoa kidogo mguu wa mbele, akachoma sindano na kuvuta damu, akaitia katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau, tone moja akalichungulia kwa hadubini. Kichupa kikazungushwa katika mashine moja, tone la maji ya damu likawekwa katika mashine nyingine isiyozidi ukubwa wa mkate. Baada ya dakika kadhaa ikatoa namba.

"Iko juu sana," daktari alisema.

"Nini iko juu?" Meneja aliuliza.

"Katika damu ya mbwa kuna protini fulani inayotengenezwa na ini. Mbwa akiwa mzima, huipati ila kidogo mno. Vijidudu vikimwingia, au sehemu ya ndani ikivimba na kuwaka, ini linaimwaga kwa wingi, siku hiyohiyo. Ni king'ora. Hatari ikipita, kinanyamaza upesi. Na chembe nyeupe nazo zimeongezeka, hao ni askari wa mwili. Kwa hiyo king'ora kinalia na askari wametoka."

"Kwa hiyo unajua anaumwa wapi?"

"Hapana. King'ora hakisemi mwizi yuko chumba gani. Kinasema tu yumo ndani. Mimi nashuku kile kidonda."

"Lakini pua yake ni mbichi," Meneja alisema, kwa sauti ileile ya mjomba.

Daktari alimtazama juu ya miwani. "Pua mbichi maana yake mbwa amejilamba pua."

Alimchoma Kufuli sindano ya kushusha homa na maumivu, kisha akatoa vidonge vya kuua vijidudu. "Nani atampa?"

"Mimi," Meneja alidakia. Alishajiona akiwatangazia wenzake shuleni kwamba yeye ni msaidizi wa daktari. Cheo alikitaka. Kuhusu kazi yenyewe, hakuwa amefikiri.

Daktari akamwonyesha: fungua taya, weka kidonge nyuma kabisa juu ya ulimi, funga mdomo, sugua koo mpaka ameze, kisha fungua tena uchungulie. "Usimfichie kwenye chakula. Huyu ana macho ya mjanja. Asubuhi na jioni mpaka viishe, hata ukimwona anarukaruka. Halafu mnirudishie nipime tena, asiwe amekula. Dawa ikifanya kazi, namba itashuka."

Meneja alicheka moyoni. Kufuli, mjanja?

Siku ya kwanza alifanya kama alivyofundishwa, asubuhi na jioni. Mate ya mbwa yalimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Alinawa kwa sabuni mara tatu, akanusa vidole, akanawa tena. Siku ya pili alijiambia kwamba mtu wa hadhi yake hawezi kutia mkono katika kinywa cha mnyama. Alikichomeka kidonge katika kipande cha nyama, akakitupa, akaenda zake. Kufuli akatafuna kwa furaha.

Siku kadhaa baadaye mpira wake ulibingirika mpaka kwenye kona ya karakana, nyuma ya makopo ya rangi. Alipoinama kuuchukua aliviona. Vidonge vilikuwa vimelala pale, vyeupe, vimelambwa nyama yote vikabaki safi. Kufuli, mjinga asiyejua hata kubweka, alikuwa amemshinda akili asubuhi na jioni.

Mtoto mwenye haya angekimbia kwa baba yake. Meneja alichukua fagio, akavisukuma vidonge chini ya rundo la mabati chakavu. Vibarua waliomwona siku ile walishangaa, maana mwaka mzima hawakuwahi kumwona ameshika fagio. Na vilivyobaki akaendelea kuvitupa kwenye nyama vilevile, kwa sababu kubadilisha mtindo kungekuwa kukiri kwamba alikosea.

"Dawa?" baba aliuliza kila jioni.

"Tayari," alijibu bila kuinua macho.

Na tazama, Kufuli alichangamka! Sindano ilikuwa imempunguzia homa na maumivu, akaanza kula na kutikisa mkia. "Nilisema mimi," mjomba alitamba. "Pua mbichi!" Meneja akajiunga naye. Walikuwa jozi nzuri, mmoja hajui na mwingine hataki kujua.

Siku ya kurudi kwa daktari Kufuli alitembea kwa miguu yake mwenyewe. Mjomba alifuatana nao kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine. Meneja alivaa gauni lake zuri, akijiandaa kupokea sifa.

Daktari alivuta damu, akapima, akasoma namba. Akachukua tone jingine, akapima upya.

"Imepanda," alisema. "Iko juu kuliko siku ile."

"Lakini anacheza!" baba alisema.

"Anacheza, ndiyo. Mbwa anaweza kukutikisia mkia huku anaoza ndani." Akamgeukia Meneja. "Vidonge viliisha?"

"Viliisha vyote."

"Alimeza?"

"Alimeza vyote, daktari."

"Ulichungulia kinywani?"

"Kila siku." Na alimtazama machoni, bila kupepesa.

Mjomba akakohoa. "Labda mashine yako ni mbovu."

"Mashine nimeijaribu asubuhi kwa damu ya mbwa mzima, ikasema kweli. Wewe nani amekujaribu?"

Mjomba akapata ghafla haja ya kuitazama dari.

Daktari alivua miwani, akazungumza na baba polepole. "Fundi, kama amemeza dawa zote na namba imepanda, basi ndani kuna kitu ambacho dawa haikifikii. Pengine kipande cha jino la yule mbwa, pengine usaha uliojificha karibu na tumbo. Kwa nje sikioni. Itabidi nimpasue nikitafute."

"Lini?"

"Sasa hivi. Mmemleta bila kula, kama nilivyoagiza. Sikufichi, dawa ya usingizi ni hatari kwa mnyama mwenye ugonjwa ndani, anaweza asiamke. Lakini nikimwacha, atakufa taratibu."

Baba aliweka mkono juu ya kichwa cha Kufuli, akaukawiza pale. "Mpasue," alisema.

Kinyoleo kikaanza kunguruma. Manyoya ya tumboni yakadondoka sakafuni, ikatokea ngozi laini, nyepesi, kama ya mtoto mchanga. Kufuli alilala kwa utulivu juu ya meza ya chuma, akanyoosha shingo, akaulamba mkono wa Meneja.

Meneja alijiambia mambo mengi wakati ule, yote ya woga. Pengine jino limo kweli. Pengine akipasuliwa ndiyo atapona haraka. Pengine nikinyamaza tu, mambo yatapita. Alimwona daktari akivuta dawa ya usingizi katika bomba la sindano, akiligonga kwa ukucha kutoa hewa.

"Hakumeza."

Sauti ilitoka ndogo mno. Daktari akasimamisha sindano hewani. "Umesemaje?"

"Hakumeza dawa. Siku ya kwanza tu. Nyingine alitema. Niliviona vidonge... nikavifagia chini ya mabati."

Mjomba alicheka kicheko chembamba. "Ah, watoto hawa!"

"Nyamaza, shemeji," alisema baba. Hakupandisha sauti, na mjomba akanyamaza kama redio iliyochomolewa waya.

Daktari aliiweka sindano chini. "Basi dawa haijashindwa," alisema. "Haijaanza." Akamsogelea Meneja. "Niliishuku dawa. Niliishuku mashine, nikapima mara mbili. Nilijishuku hata mimi mwenyewe na miaka yangu yote ya kazi. Wewe sikukushuku, kwa sababu ulinitazama machoni. Damu ya mbwa wako ilikuwa inasema kweli, nami nikaliamini neno lako kuliko damu yake. Mjinga gani mimi!"

Meneja alilia. Hakuna aliyembembeleza, na machozi yalipokosa mnunuzi yakaisha.

Daktari akamchoma Kufuli sindano ya kuua vijidudu, akatoa vidonge vipya. "Tunaanza upya. Baada ya siku chache napima. Namba ikishuka, hakuna kisu. Isiposhuka, nampasua. Haya, mpe cha kwanza. Hapa, mbele yetu."

Meneja alifungua taya. Akaweka kidonge, akafunga, akasugua koo, akachungulia. Mate yalimfika kwenye mkono wa gauni zuri. Hakutafuta pa kujipangusia.

Siku zile chache zilikuwa ndefu kuliko muhula mzima wa shule. Kila asubuhi na jioni alipiga magoti karakanani na kumsugua Kufuli koo. Kila mara, alipomaliza, baba alikuja, akamfungua mbwa kinywa na kuchungulia mwenyewe, kisha akarudi kwenye kazi zake. Hilo lilimuuma Meneja kuliko fimbo.

Walipopima, namba ilikuwa imeshuka. Walipopima mara ya mwisho, vidonge vikiwa vimekwisha, mashine haikuona karibu chochote. King'ora kilikuwa kimenyamaza, chembe nyeupe zimerudi kiasi chake, na kisu hakikuhitajika.

Meneja alikuwa ametayarisha hotuba. "Daktari, mimi nimejifunza kwamba..."

"Usinihutubie," daktari alimkata. "Keti."

Akaketi.

"Uvivu haunishangazi. Nauona kila siku, na hata mimi ninao. Ungekuja siku ile ukasema, 'Mbwa ametema, nimechoka na mate yake,' ningekugombeza na mambo yangeisha. Lakini ulidanganya. Sasa sikiliza. Kisu kingekuwa mkononi mwangu, damu ingekuwa yake, machozi yangekuwa ya baba yako. Wewe ungekuwa umekaa palepale kwenye benchi, gauni safi. Ndivyo uongo ulivyo. Anayeusema hubaki msafi, na asiye na mdomo wa kujitetea ndiye anayepasuliwa. Na siku utakayokosea tena, maana utakosea, sema mapema, kabla mtu hajalishika neno lako akalifanyia kazi."

"Nimesikia, daktari."

"Kusikia ni rahisi. Mchukue mbwa wako."

Njiani Kufuli alitangulia, akikohoa kile alichokiita kubweka, tumbo lake lililonyolewa likimfanya aonekane kituko. Watoto wa mtaani walimcheka. Meneja alimshika baba yake mkono.

"Baba, sasa amepona kabisa, siyo?"

"Yeye amepona. Damu yake imerudi sawa kwa siku kumi. Neno lako, mwanangu, bado nitakuwa nalichungulia kinywani."

Meneja aliukaza mkono wa baba yake.

"Chungulia tu, baba," alisema.